Mayi Yenye Ilibakia mu Vessie ya Laure

Ile karatasi ya lopitalo, ya échographie, Marcelline aliifunga mu pembe ya kikwembe yake. Akaifungula, akaisoma, akaifunga tena. Mbele bafike ku nyumba alikuwa amefanya vile mara mingi, mpaka mutoto yake Laure akamuuliza:

— Mama, mu ile karatasi kuko kintu ya kula?

— Hapana, Laure. Kuko maneno tu.

— Sasa juu ya nini unaifungula-fungula sawa muntu iko na njala?

Marcelline akaifunga tena mu pembe. Laure alikuwa na miaka sita, macho makubwa, na kinywa yenye haiyuake kupumuzika. Ule mwaka njo alianza première primaire, darasa ya kwanza, na tangu aanze masomo, shida ya pipi, ya kukojoa, haikumuacha. Kufanya pipi kulimuchoma sawa pilipili. Siku ingine alirudia ku nyumba na uniforme ya kulowana, analia, juu benzake balimucheka. Balimupatia dawa, bugonjwa ikaisha. Kisha ikarudia. Dawa tena, ikaisha, ikarudia tena. Njo pale docteur Hilaire alisema: "Sasa tuangalie mu ndani."

Bon, baliangalia. Balinywesha Laure mayi mpaka tumbo ikakuwa ngumu sawa ballon, docteur akapakaa ile mafuta ya baridi, akapitisha machine pa tumbo. Kisha akatuma mutoto aende kufanya pipi yote, arudie. Marcelline alimupeleka ku toilette ya mwisho ya couloir ya lopitalo, bakarudia mbio, juu bantu balikuwa mingi. Docteur akaangalia mara ya pili. Na pale uso yake ikabadilika kidogo.

Docteur Hilaire alikuwa kijana, lakini hakuwa wa haraka. Alielezea Marcelline kila mustari ya karatasi na bic mu mukono.

— Vessie ni kale kafuko ka ndani kenye kanachunga mikojo. Mbele ya pipi, ka Laure kalikuwa na millilitres mia mbili makumi ine. Kwa mutoto wa miaka sita ni muzuri. Ngozi ya kafuko iko sawa, si nene sana. Hakuna majiwe. Mafigo yote mbili iko bien.

— Aksanti kwa Mungu.

— Ngoya kwanza, mama. Kisha pipi tuliangalia tena. Kulibakia mia moya na kumi. Karibu nusu. Ile njo tunaita résidu. Mikojo yenye kubakia inalala mu ndani, na microbes banaikala umo sawa ku kwabo. Njo maana bugonjwa inarudiaka.

— Na juu ya nini inabakia?

— Pengine vessie yenyewe haina nguvu ya kusukuma. Murudie lundi, ile Jumatatu yenye inakuya. Tutaingiza sonde, tutoshe yote, kisha tutamutuma Lubumbashi kwa specialist.

— Sonde ni nini? Laure akauliza.

— Ni katiyo, kamupira kadogo kabisa ka kutosha mikojo.

— Katapitia wapi?

Docteur aliangalia Marcelline. Marcelline aliangalia chini. Laure hakuuliza tena, na ile njo iliogopesha mama yake kupita yote, juu Laure hakukuwaka mutoto wa kuachia ulizo mu njia.

Ku nyumba, Marcelline alimupatia kopo ya mayi. Laure akaisukuma.

— Sitanywa.

— Juu ya nini?

— Kama sinywe mayi, hakutakuwa mikojo. Kama hakuna mikojo, ile katiyo bataingiza juu ya nini?

Marcelline akaweka kopo chini. Mutoto alifikiri muzuri kabisa, na pa kufikiri vile angejiua.

Mangaribi bwana yake Symphorien alirudia ku kazi. Alitumikaka ku carrière ya Kakontwe, kule banachimba majiwe ya chokaa, na kila siku aliingia mu kiwanja akiwa mweupe ya vumbi ya chokaa, ata kope. Nyuma yake, dada yake mukubwa, tantine Suzanne, yenye bote balimuitaka yaya, alikuwa tayari anaingia. Habari mubaya haikupitaka pa nyumba ya tantine Suzanne bila kumukamata mukono.

— Bwifi, nilisikia! Banasema mutoto iko na nini?

— Résidu, yaya.

— Résidu! Tantine Suzanne akaikala chini na uzito yake yote. Mama wee! Bwana yangu alitumikaka ku usine, ku kiwanda, minye ninayua résidu. Ni bile bichafu bya nyuma byenye banaendaka kutupa!

— Yaya, Symphorien akasema, mutoto haiko usine.

— Minye ninasema tu. Mu famille yetu hakuna muntu alikuwaka na vessie mubaya. Ata mumoya. Labda uku ku upande ya mama.

— Upande ya mama iko apa, Marcelline akajibu, na vessie yake inatumika bien.

Symphorien akacheka, akanawa mikono, akaomba karatasi. Bakaikala bibi na bwana pa benchi, banapitisha bidole mustari kwa mustari. Marcelline alifikaka quatrième secondaire. Symphorien alisomaka plus mbele, lakini mu mambo ya vessie bote bawili balikuwa première primaire.

— Ngozi ya kafuko, bien, Marcelline akasema. Majiwe, hakuna. Mafigo, bien. Mbele ya pipi, bien.

— Kisha pipi, mubaya.

— Njo pale sisikie, papa Laure. Kama kafuko kenyewe kako muzuri, nani anakakataza kujitosha mikojo yote?

— Docteur alisema nguvu.

— Docteur alisema "pengine". Nilimusikia na masikio yangu. Muntu yenye iko na hakika hasemake pengine.

— Basi lundi tutayua.

— Lundi bataingiza katiyo. Minye ninataka kuyua mbele ya lundi.

Tantine Suzanne akatingisha kichwa. "Siku hizi bamama banataka kuwa badocteur," akasema, lakini hakuondoka. Alitaka kusikia mwisho.

Siku ya yenga baliendaka bote ku misa, na ile siku pia balienda. Pa kutoka, Laure akavuta kikwembe ya mama yake.

— Pipi.

Toilette ya paroisse ilikuwa ya siège, ile ya kuikalia, na mulango yake haikufungaka muzuri. Marcelline akaingia pamoya na mutoto, akageuza mugongo ku mulango aizuie. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu shida ianze, akaangalia. Si kuangalia kama mutoto anachafua robe. Kuangalia kabisa.

Laure hakuikala. Alisimama pa ncha ya bidole, magoti nusu ya kukunja, robe yote mu kifua, mukono moya pa ukuta. Mapaja yalikuwa yanatetemeka. Alifunga pumuzi sawa muntu anabeba mufuko ya bunga. Mikojo ikatoka kidogo, prrr, ikakatika. Laure akapandisha kiculotte mbio.

— Unamaliza?

— Ninamaliza.

— Yote?

Laure akafikiri.

— Miguu njo inamaliza, mama. Inachoka.

— Na juu ya nini hauikale?

Mutoto akamuangalia sawa anauliziwa jina yake.

— Si weye njo unanikatazaka? Usiikale pa toilette ya bantu, utakamata infection! Ku masomo pia siikalake. Ata ku lopitalo, si ulinishika apa, pa makwapa, ukasema: "Usiguse! Haraka, docteur anangoya!"

Marcelline akaangalia mikono yake.

Ni kweli. Alimushika. Mikono yake yeye mwenyewe. Na nani mu Likasi hakufundishwaka vile? Mama yake alimufundishaka, na mama ya mama yake, na bamama bote ya quartier: mutoto mwanamuke haikale pa siège yenye hayue nani alipita. Marcelline mwenyewe tangu butoto haikalake fasi ingine, ni ku nyumba tu. Lakini yeye miguu yake ilikomaa, na alikuwa na wakati. Laure alikuwa na miguu ya miaka sita, na bantu mu mulango banapiga "toka, toka". Ku masomo alijizuia mpaka mwisho, kisha akaenda kufanya robo, akakimbia. Na ku lopitalo, ile siku ya échographie, alifanya nusu. Machine haikudanganya. Ilionyesha tu nusu yenye ilibakia.

Akamubeba mutoto mu mikono, akamubusu pa paji, akatoka naye mbio vile vile, tantine Suzanne nyuma yabo anauliza nani amekufa.

Ku nyumba Marcelline alitosha kopo ya mayi.

— Laure, sikiliza. Minye ninataka kushinda ile katiyo. Lakini peke yangu siwezi. Lazima unisaidie, unywe.

— Na kama bataingiza?

— Unywe kwanza. Kisha tutafanya kazi, minye na weye.

Laure akaangalia mama yake mu macho, wakati murefu. Kisha akakamata kopo na mikono miwili, akakunywa yote, na akaomba ingine, juu koo yake ilikuwa imekauka tangu siku ya échographie.

Nyuma ya nyumba Marcelline aliweka pô, kachombo ka plastiki ka kufanyia pipi, ya Eddy, kale katoto kabo ka mwisho. Ilikuwa ya jaune sawa ndizi ya kuiva, na masikio mbili sawa sungura. Wakati pipi ilikuya, Laure akaikala juu yake kabisa.

— Miguu chini yote. Ivi. Sasa jiegemeze mbele, mikono pa magoti. Usisukume. Usikimbie.

— Niimbe?

— Imba.

Akaimba wimbo yake mwenyewe, ya sungura wa jaune yenye anakunywa mikojo, na ile mikojo ikashuka sawa mvula pa malata. Ikasimama kidogo. Marcelline akainua kidole: ngoya. Ikaanza tena.

— Kumbe kuko ingine! Laure akapiga kelele.

Sasa kupima. Mu nyumba yote kintu moya tu ilikuwa na mistari ya millilitres: biberon, chupa ya maziwa ya Eddy. Marcelline akaikamata bila kufikiri mara mbili, akamwanga mikojo ndani polepole. Njo pale tantine Suzanne akatokea pa kona ya nyumba.

— Mawe! Mama Laure! Unataka kunywesha Eddy mikojo?

— Tunapima, yaya.

— Biberon! Biberon ya mutoto! Symphorien, kuya uone bibi yako anaenda wazimu!

Symphorien akakuya, akaangalia, akakamata biberon, akaiinua ku jua na kufunga jicho moya.

— Mia mbili na kidogo, akasema. Yaya, toka mbele ya jua.

Kisha Marcelline akamurudisha Laure pa pô mara ya pili. Bakangoya bote bane. Kulitoka matone, sawa mayi ya robinet yenye kufungwa mubaya. Basi. Kafuko kalikuwa tupu.

— Eko na nguvu, Marcelline akasema. Njo kamutoto ka nguvu! Ni siye njo hatukumupa fasi ya kuikala.

Ile biberon, tantine Suzanne mwenyewe aliitupa.

Lundi asubui balifika ku lopitalo, Marcelline na Laure, na tantine Suzanne nyuma na mouchoir mukubwa tayari ya kulia. Mu mufuko ya Marcelline, sungura wa jaune alikuwa anatosha masikio inje, na bantu mu couloir balicheka. Siku zingine Marcelline angekufa ya haya. Mbele ya badocteur alisemaka "ndiyo docteur" na kurudia ku nyumba na maulizo yote mu tumbo. Ile siku alipita kichwa juu.

Pa meza ya docteur Hilaire, sonde ilikuwa mu sachet yake. Laure aliiona. Mukono yake ikakaza mu ya mama yake.

— Docteur, Marcelline akasema mbele ata ya kuikala, mbele ya ile katiyo, ninaomba kintu moya. Uangalie tena mbele na nyuma ya pipi. Lakini mara hii afanye mu pô, na bantu bamungoye.

— Juu ya nini, mama?

Akamuelezea yote: siège, ncha ya bidole, mapaja ya kutetemeka, makwapa, haraka. Akamuelezea ata biberon. Sauti yake ilianza chini, kisha ikapanda yenyewe.

Docteur Hilaire akaweka bic chini.

— Minye niliuliza kama alifanya pipi, akasema. Sikuuliza alifanya namna gani. Akapapasa kichwa yake, akacheka kidogo. Mama, ni vile. Kama mutoto anajikaza miguu, mulango ya vessie nayo inajikaza. Haifungukake yote. Tujaribu. Lakini nikuambie kweli: kama kunabakia mingi tena, ni sonde. Tunapatana?

Marcelline akaangalia Laure. Laure akaangalia sachet.

— Tunapatana, Laure akasema, yeye.

Balimunywesha Laure mayi, balingoya, tumbo ikakuwa ballon. Pa écran ya machine, vessie ikaonekana mweusi na ya mviringo sawa yai mukubwa: mia mbili makumi mbili. Kisha ku toilette, Marcelline akaweka sungura mu kona, miguu ya Laure chini, mugongo ya kuinama mbele. Haikupita wakati, mulango ikapigwa.

— Beko ndani banafanya nini? Banapika?

— Mungoye! Marcelline akapiga kelele, na akashangaa kusikia ni sauti yake. Mutoto anafanya pipi! Hatutoke mpaka amalize!

Kule inje muntu akarudia nyuma.

— Usisikilize mulango, Laure. Iko ingine?

— Iko... ingine inakuya... Laure alifunga macho. Ingine tena. Kisha akafungula macho, akavuta pumuzi mukubwa. Sasa hapana. Sasa ni kweli hapana.

Bakarudia. Mafuta ya baridi, machine pa tumbo. Docteur Hilaire akaangalia écran, akasogeza mukono, akasogeza tena. Marcelline aliona uso yake inakunja.

— Docteur? Kuko nini?

— Ninaitafuta, docteur akasema. Ile yai iko wapi? Laure, uliiacha mu pô?

Kisha akaona kamustari kembamba sawa kope ya macho ya kufunga. Akapima. Akaandika.

— Munane.

— Munane nini, docteur? Munane makumi?

— Munane tu, mama. Millilitres munane. Kijiko moya na nusu ya chai. Mu vessie ya bantu bote ya bien munabakiaka kidogo vile.

— Basi hii inamaanisha nini? Sema na maneno ya siye.

— Inamaanisha hakuna bugonjwa ya vessie. Aikale, miguu chini, asikimbie. Aende mara mingi mu siku, asijizuie ku masomo, nitaandikia mwalimu. Akunywe mayi, amalize dawa yake. Kama homa inakuya, munikuyie mbio. Lakini sonde, hapana. Lubumbashi, hapana.

Na akafungula tiroir ya meza, akatupa ile sachet ndani, akafunga.

Marcelline hakukumbuka namna gani alitoka mu ile chumba. Alijikuta tu iko mu katikati ya couloir, Laure juu ya mabega yake, na kelele inatoka mu kifua yake yenyewe.

— Munane! Kulibakia munane!

Tantine Suzanne alikuwa tayari ameanza kulia. Akasikia, akasimamisha kulia mu katikati, akageuza mouchoir bendera na kupiga bigelegele mpaka infirmière mumoya akatosha kichwa.

— Si nilibaambia? akaelezea bamama bote ya couloir. Mu famille yetu, vessie ni ya nguvu!

Bamama habakuyua mwanzo wala mwisho, lakini balipiga mikono. Mumoya, iko na binti mudogo pa magoti na kopo ya mayi mu mukono, akauliza munane ni nini. Marcelline akashusha Laure, akachutama mbele ya ule mama, akamuelezea yote bila kupumuzika. Pa mwisho akamuachia pô kwanza, mpaka mutoto yake atamaliza.

Kisha akaita Symphorien ku simu. Machine za Kakontwe zilikuwa zinapiga kelele nyuma yake.

— Kulibakia ngapi? Symphorien akauliza. Sauti yake ilikuwa ya muntu anasimama pa muguu moya.

— Papa, Laure akanyanganya simu, nilifanya yote! Munane njo ilibakia! Katiyo kalirudia mu tiroir!

Kisha bakamusikia anapigia benzake kelele, juu ya machine zote: binti yangu iko bien, vessie yake inajitosha yenyewe, peke yake, yote! Na mu simu ikakuya sauti ya banaume mingi, banacheka na kupiga filimbi, mumoya anauliza nani, mungine anajibu sijui, piga tu filimbi.

Laure akarudisha simu. Akabana magoti.

— Mama. Ile mayi ya docteur inashuka tena.

— Twende, Marcelline akasema. Hatuna haraka.

— Muningoye, tantine Suzanne akasema chini-chini, anakunja mouchoir. Minye pia ninaenda kuikala pa siège, nione.